Toleo Jipya la Mchezo wa Kiti

Hapo kale, na si kale sana maana hata sukari ilikuwa ghali vilevile, palikuwa na nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Mimi nimwogope nani? Ni kwamba siku ninazozisimulia, jina lenyewe lilikuwa mbele ya kamati, linachunguzwa kama lina uzalendo wa kutosha, na kamati ile mpaka leo haijarudi kutoka semina.

Katika nchi hiyo alikuwako mama mtu mzima aitwaye Bi Sikudhani, wa mtaa wa Randa, fundi wa kuchonga mbao za mchezo wa Kiti. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, hadi huko nyuma ambako watu walikuwa hawajaanza kuhesabu.

Mchezo wa Kiti hamuujui? Haya, tulieni niwaambie. Miaka mia saba iliyopita, mfalme wa nchi ile alikufa akaacha kiti kimoja na watoto wawili wa kiume, na akili ya kulifikiria jambo hilo mapema hakuwa nayo. Ndugu wale wakapigana miaka thelathini. Mishale ilipokwisha wakapigana kwa mawe. Ng'ombe wakaisha, mbegu zikaisha, ikafika mahali watu wanakimbia vita bila hata kuuliza safari hii ni vya nani. Mwishowe wanawake wa pande zote mbili wakachoka kuzika. Wakachonga ubao, wakachora juu yake miji arobaini ya nchi nzima, wakawakalisha ndugu wale uso kwa uso, mmoja kwenye kiti na mwenzake kwenye kigoda, wakawaambia: piganieni hapa. Kete ya mti ikifa, hakuna mama anayelia.

Juu ya sheria zote wakaweka moja. Mfalme anakaa kitini, muasi anakaa kigodani, na muasi ndiye anayeanza. Lakini mchezo ukiisha, watazamaji wanapiga kelele, "Geuza!" Hapo mshindi anasimama kwanza, ubao unageuzwa, wa kitini anahamia kigodani na wa kigodani anahamia kitini. Hakuna anayecheza upande mmoja mara mbili mfululizo, awe bingwa, awe baba mkwe. Mtoto wa nchi ile alijua kusimama akisikia "Geuza!" kabla hajajua kufunga kifungo cha shati.

Bi Sikudhani aliishi na Bi Msinune, mke mwenziye. Mume alishakufa, ugomvi ukakosa mtu wa kugombewa, wakabaki wawili na nyumba moja na ubao mmoja wa kale. Ubao huo Bi Sikudhani aliachiwa na mama yake, na nyuma yake zimechongwa sheria zote za mchezo, kwa herufi ambazo vidole vya watu wengi vimezilainisha. Juu ya ubao ule alifundishwa kuhesabu, kushinda, na kusimama. Ukimtukana yeye atacheka. Ukiugusa ubao ule bila kunawa mikono, utajuta kuzaliwa.

*

Sasa basi. Mwaka huo Mheshimiwa Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa anatimiza miaka thelathini na mmoja madarakani, na wananchi, kama ilivyotangazwa redioni, walikuwa wamemwomba kwa machozi aendelee. Mimi binafsi sikumwona aliyelia, lakini redio haina sababu ya kunidanganya.

Wizara ya Michezo, Kumbukumbu na Furaha ya Umma ikaona zawadi inayofaa ni toleo jipya la mchezo wa Kiti, lililorekebishwa liendane na wakati. Ikaundwa kamati ya wajumbe arobaini. Siku ya kwanza walikubaliana kwamba neno "vita" halifai, likawekwa "Kutoelewana kwa Muda". Siku ya pili waasi wakabadilishwa jina, wakawa "Wananchi Waliopotoshwa". Siku ya tatu wakataka kuujaribu mchezo wenyewe. Hapo pakawa na tatizo dogo la kiufundi: hakuna mjumbe aliyekubali kuonekana upande wa waliopotoshwa. Wote arobaini wakakaa upande wa Mfalme, meza ikabiduka, mjumbe mmoja akavunjika mguu, na muhtasari wa kikao ukaandika kwamba jaribio lilifana sana.

Kikatoka kitabu cha maelezo chenye kurasa arobaini na mmoja: arobaini za dibaji na mmoja wa sheria. Kwenye ukurasa huo mmoja, kugeuza hakumo. Pameandikwa tu: "Ubao haugeuzwi. Ubao umeshakaa vizuri." Mkuu wa wilaya mmoja, kijana mwenye bidii anayetafuta ukuu wa mkoa, akaona agizo hilo alitekeleze kwa mapana yake. Akapiga marufuku kugeuza chapati. Wilaya nzima ikala chapati mbichi huku, zimeungua huku, mpaka tumbo la mkuu mwenyewe lilipoomba msamaha.

Yakachapwa makasha milioni mbili, yakapelekwa madukani. Baada ya wiki moja yakarudi yote.

Unajua kwa nini? Kila ubao wa Kiti una alama pembeni, imechomwa kwa chuma cha moto: mjusi mwenye vichwa viwili, kimoja huku na kimoja huku, ili ubao ukigeuzwa aonekane yuleyule. Na chuma hicho kinashikwa na fundi mmoja tu, wa mtaa wa Randa. Watu wa nchi ile hawachezei ubao usio na mjusi. Wanasema unaleta ugomvi ndani ya nyumba. Basi walinunua kasha, wakalipindua, wakamtafuta mjusi, wakamkosa, wakalirudisha dukani wakisema asante.

*

Ndipo Katibu Mkuu wa Wizara, Dakta Luhende, alipofika mtaa wa Randa na magari manne na kasha moja.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba baba. Angalia usikalie gundi."

Dakta akakaa pembeni ya gundi, akafungua kasha kwa mikono miwili, kama anafungua mkufu wa harusi. Bi Sikudhani akafuta vumbi la mbao mikononi, akatoa dadu moja la dhahabu, akaligeuzageuza.

"Hili lina sita pande zote."

"Ndiyo, Bibi. Ni la Mfalme."

"Na hili lina moja pande zote."

"La Wananchi Waliopotoshwa. Tumezingatia usawa, Bibi. Yote mawili yana pande sita."

"Mfalme anatekwaje?"

"Hatekwi. Anashauriwa."

"Na mchezo ukiisha?"

"Anaendelea."

Bi Sikudhani akalirudisha dadu kwenye kasha taratibu. Dakta Luhende akamweleza kwamba taifa linamwomba aweke alama yake kwenye ubao wa kwanza tu, mbele ya watu, siku ya sherehe. Makasha mengine yote watayachapa mjusi kwa mashine. Atapewa nishani ya daraja la tatu, na picha yake itaning'inizwa posta.

"Siweki," alisema Bi Sikudhani.

"Bibi, hujanielewa."

"Nimekuelewa sana. Mjusi wangu ana vichwa viwili kwa sababu ubao unageuka. Huu wenu haugeuki. Unataka mjusi wa nini? Katafute kinyonga."

Dakta akacheka kile kicheko cha ofisini, kisichofika machoni. Akatazama ukutani, ambako ubao wa kale ulikuwa umetundikwa.

"Ule ubao ni mali ya historia," alisema. "Hapa kuna vumbi, kuna moto, kuna panya. Serikali ina wasiwasi nao. Labda tuuhifadhi kwenye Jumba la Makumbusho."

Jumba la Makumbusho la nchi ile lilikuwa limefungwa kwa ukarabati tangu siku lilipojengwa. Kitu kikiingia humo, hata ufunguo huwa haujui kilipo. Bi Sikudhani aliuona akilini ukuta ule mtupu, na msumari peke yake. Aliogopa, nisiwafiche, na hofu ilipofika mwisho, ikageuka hasira. Akakwangua gundi kwenye kucha.

"Baba," alisema hatimaye, "Mheshimiwa alilelewa na nani?"

Dakta Luhende alishangaa, lakini swali lile lilikuwa kwenye mtihani wa darasa la tatu, na mtu wa wizara haachi kujibu. "Na bibi yake mzaa mama. Ukurasa wa kumi na moja wa kitabu cha shule."

"Bibi yake alimfundisha Kiti?"

"Bibi, unauliza! Akiwa na miaka saba alikuwa bingwa wa kijiji. Alicheza kila siku kuanzia adhuhuri mpaka jua linazama. Ukurasa wa kumi na mbili, na picha ipo."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Bi Sikudhani akaitikia kwa kichwa. "Basi nitaweka alama yangu. Lakini mimi siweki alama kwenye mchezo nisioujua. Nitacheza kwanza, mbele ya watu, na huyo mliyemtengenezea. Mchezo ukiisha, naweka. Na ubao wa mama yangu unabaki msumarini pake."

Dakta Luhende nusura ambusu. Nanyi mjue, wizara ilikuwa imehangaika miezi miwili kumpata wa kukaa kigodani mbele ya Mheshimiwa siku ya sherehe. Mawaziri kumi na wanane walikuwa wameleta vyeti vya daktari vinavyowakataza kukaa chini ya usawa wa goti.

*

Magari yalipoondoka, Bi Msinune akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa heshima tu.

"Wewe mwanamke umerogwa," alisema. "Yeye ana dadu la sita tupu, wewe la moja tupu. Utashindwa hata kabla hujakaa!"

"Nitashindwa."

"Na ukishindwa mchezo umeisha, unaweka alama."

"Nimeahidi, nitaweka."

"Halafu wajukuu wa watu wakue wanaamini kuna mtu anazaliwa na kiti kimeshamganda matakoni! Mama yako atafufuka akuchape."

Bi Sikudhani alikuwa anaushusha ubao ukutani, maana alasiri, saa yao ya kucheza, ilikuwa imefika. "Mwenzangu," alisema, "tuligawana mume miaka ishirini na miwili. Siku mbili kwangu, siku mbili kwako. Uliwahi kuniona nimembakisha siku isiyo yangu?"

"Mara moja."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mvua, eti! Manyunyu yale!"

"Lakini asubuhi nilimleta."

"Ulimleta," alikubali Bi Msinune, kwa shingo upande. "Na mwavuli juu."

"Basi. Sisi wanawake wawili, mwanamume mmoja tena mkorofi, tuliweza kupeana zamu. Nchi nzima inashindwa nini? Panga kete. Jana nilikuwa mfalme mimi, leo wewe."

Wakacheza. Bi Msinune alishinda, akapiga kigelegele kifupi, halafu bila hata kufikiri akasimama. Bi Sikudhani akamtazama miguu, akatabasamu.

*

Siku ya sherehe Uwanja wa Taifa ulijaa watu elfu sitini, waliokuja kwa hiari yao kwenye malori yaliyotumwa kuwachukua. Nilikuwamo. Palikuwa na hotuba kumi na saba. Waziri mmoja alisema Mheshimiwa ni baba. Wa pili akasema ni baba na mama. Wa tatu akakosa pa kupita, akasema ni ukoo mzima.

Kisha kikaletwa kiti cha enzi chenyewe kutoka Ikulu, kile cha mninga, kimebebwa na askari kumi na wawili. Gwaride la heshima la nchi ile lilikuwa na amri ya zamani, isiyobadilika: kinapigiwa saluti kiti kikiwa na mtu. Ni kweli amri haikutaja mtu gani, lakini kwa miaka thelathini na mmoja haikuhitajika. Mheshimiwa akakaa, saluti ikapigwa, bendi ikapiga wimbo wa taifa.

Mbele yake ikawekwa meza yenye ubao wa toleo jipya, na upande wa pili kigoda cha serikali, kimekatwa miguu kidogo kwa usalama. Bi Sikudhani alipokaa, macho yake yalikuwa sawa na mkanda wa Mheshimiwa. Alivaa kanga mpya, na kwenye pindo alikuwa amefunga kitu kidogo. Pembeni yao liliwekwa jiko la mkaa la kupendeza, chuma cha mjusi kikiwaka ndani yake kwa ajili ya kutia alama, na Dakta Luhende amesimama kando ameshika Kasha Namba Moja, limefungwa utepe.

"Anza, Bibi," alisema Mheshimiwa kwa upole mkubwa. Kamera zilikuwa karibu.

Bi Sikudhani akarusha dadu lake. Moja. Mheshimiwa akarusha lake.

"Sita!" akalia mtangazaji. "Mheshimiwa ametoa sita!"

Moja. Sita. Moja. Sita. Miji ikawa inaanguka kama embe za msimu. "Sita nyingine!" alilia mtangazaji, sauti imemkauka. "Wataalamu wa takwimu hawajawahi kuona jambo hili!" Mheshimiwa mwenyewe alikuwa anarusha huku anaangalia saa. Kurusha mara saba tu, miji yote arobaini ikawa yake, na kete za Bi Sikudhani zote zikawa zimelala.

Ratiba ilisema mchezo ukiisha yafuate makofi ya dakika kumi na moja. Lakini kati ya mchezo kuisha na kiongozi wa makofi kuinua bendera yake, palikuwa na nafasi ndogo, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, ambayo kamati ya wajumbe arobaini haikuipangia chochote. Katika nafasi ile Bi Sikudhani akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti kilichowekwa kwa ajili ya busara za Mheshimiwa.

"Geuza," alisema.

Jamani, naapa, hatukukusudia. Mdomo ndio uliokusudia. Watu elfu sitini tuliolelewa na bibi zetu, midomo ikafunguka yenyewe kwa pamoja, na sauti yangu, nakiri, ilikuwamo:

"GEUZAAA!"

Na Mheshimiwa akasimama.

Hakuamua. Kama angeamua, ningekuwa nawasimulia hadithi nyingine. Ilisimama miguu, ile miguu ya miaka saba ya ukurasa wa kumi na mbili, iliyosimama hivyo kila siku ya Mungu. Tena akafanya kama alivyofundishwa: akaushika ubao kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akatoka kitini kumpisha mwenzake. Alipofika nusu ya njia ndipo akili ikaifikia miguu, akaganda.

Amechelewa. Bi Sikudhani alikuwa ameshazunguka meza, amejipandisha, amekaa. Miguu yake haikugusa chini.

Gwaride la heshima likaona kiti, likaona mtu, likapiga saluti. Bendi ikaona saluti, ikapiga wimbo wa taifa. Kwenye televisheni, waliokuwa nyumbani wakaletewa ghafla kipindi cha kilimo bora cha muhogo.

Dakta Luhende alikuja akitambaa kwa magoti ili asionekane. "Bibi! Bibi, shuka, nakuomba! Bibi, kuna watu wana bunduki hapa!"

"Nimewaona. Wamenipigia saluti."

"Shuka, utatuua!"

Bi Sikudhani aliogopa, mimi nilikuwa karibu nikamwona. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa kiti. Lakini sauti aliyoitoa haikutetemeka hata kidogo, na kipaza sauti kilikuwa kingali wazi.

"Nitasimama mchezo ukiisha," alisema. "Si kabla. Na si baada. Ndiyo sheria, baba, na ni ya zamani kuliko wizara yako." Kisha akamgeukia Mheshimiwa, aliyekuwa amesimama katikati ya uwanja bila kiti kwa mara ya kwanza tangu wengi wetu tuzaliwe. "Karibu kigodani, mwanangu. Sasa muasi ni wewe. Unaanza wewe."

Mheshimiwa akawatazama walinzi. Walinzi wakatazama kiti. Amri ya zamani iliwachanganya, masikini.

Sasa kuna desturi nyingine ambayo sikuwaambia. Mchezaji akichelewa kukaa, watazamaji wanamhesabia. Kumi ikifika hajakaa, amekimbia Kiti, na aliyekimbia Kiti hutaniwa hadi kwenye msiba wake. Upande wa kina mama wauza maandazi, sauti moja ikaanza: "Moja!" Jukwaa la pili likapokea: "Mbili!" Ilipofika tano uwanja mzima ulikuwa unahesabu, hata askari wawili niliwaona midomo inacheza. Mheshimiwa alikuwa amekodoa macho, jasho linamtoka, na mimi nasema aliyekuwa anapigana ndani mwake hakuwa Mlezi Mkuu wa Taifa. Alikuwa yule bingwa wa kijiji, ambaye hajawahi kukimbia.

"Tisa!"

Akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakampanda hadi kidevuni.

Bi Sikudhani akafungua pindo la kanga, akatoa dadu la mfupa, limechakaa, lina moja na mbili na tatu kama madadu ya watu. Yale mawili ya dhahabu akayasukumia pembeni. "Haya ya wizara yarudi kwenye kasha. Sitaki kupewa. Nataka kushinda."

Wakacheza. Mwanzo Mheshimiwa alirusha kama mtu aliyeshikiwa fimbo. Ikatoka mbili. Aliitazama ile mbili kwa muda. Nadhani alikuwa amesahau kwamba ipo. Baadaye ikatoka nne, akainama, akaanza kufikiri. Koti akalivua. Mji wa kwanza akauteka kwa hila nzuri kabisa, jukwaa likaguna kwa kukubali.

"Bibi, hatua hiyo si halali," alisema wakati fulani.

"Halali. Tazama tena."

Akatazama tena. "Ee. Kweli."

Tulitazamana sisi wa mbele. Miaka thelathini na mmoja nani alimwambia yule mtu atazame tena?

Bi Sikudhani hakumwachia. Nampa haki yake. Alipigania kila mji kana kwamba una watoto wake ndani. Jua lilikuwa limeshainama upande wa pili wa uwanja, mji umebaki mmoja, Mheshimiwa akalipuliza dadu, akarusha, ikatoka tatu, tatu hasa aliyoitaka. Akaruka juu.

"Nimeshinda! Nimeshinda mwenyewe!"

Tukampigia makofi. Hakuna aliyeinua bendera, hakuna aliyehesabu dakika. Alitutazama kama mtoto aliyeamshwa, na kwa dakika ile moja, Mungu anisamehe, nilimpenda.

Kisha tukapiga kelele, safari hii kwa kukusudia: "Geuza!"

Mheshimiwa alikuwa ameshasimama. Bi Sikudhani naye akajishusha kutoka kwenye kile kiti kikubwa, polepole kwa sababu ya magoti, akaugeuza ubao. Dakta Luhende akashusha pumzi. Kiti kimerudi, nchi imepona! Akalileta Kasha Namba Moja mbio, ameliinua kwa mikono miwili, utepe unapepea. "Sasa alama, Bibi. Uliahidi."

"Niliahidi," alisema Bi Sikudhani.

Akakifunga kipini cha chuma kwa pindo la kanga, akakichomoa kwenye jiko la mkaa, kimeiva, chekundu. Akampita Dakta na kasha lake. Akaenda kwenye kiti cha enzi, na kwenye mkono wa kuume, pale ambapo mtu akikaa kiganja hutua, akakigandamiza. Moshi ukapanda, harufu ya mninga ikatufikia mpaka sisi. Alipokiondoa, mjusi alikuwa pale, kichwa huku, kichwa huku.

"Mjusi wangu anakaa kwenye kitu kinachogeuzwa," alisema. "Nimemweka pake. Kasha lako, baba, wapelekee panya wa Makumbusho." Akampungia Mheshimiwa mkono, kwa adabu ya mtu anayekaribisha mgeni mlangoni. "Karibu ukae. Ni zamu yako."

Mheshimiwa hakukaa mara moja. Alikitazama kiti chake kama mtu anavyoitazama nyumba siku anayoambiwa kwamba kumbe alipanga tu. Akauweka mkono juu ya ile alama, ikamuunguza, akauondoa. Halafu akakaa, lakini alikaa ukingoni.

Mshereheshaji akaja mbio kwenye kipaza sauti, akatushukuru kwa kuja kwa wingi, akasema sherehe imekwisha, malori yapo tayari, twende nyumbani kwa amani. Akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Mara ya tatu sauti ilimpotea, maana watu elfu sitini tulikuwa tumekaa vilevile, hakuna aliyenyanyuka, wanawake wa maandazi wamejifunga kanga vizuri, sote tunautazama ubao.

Bi Sikudhani akakivuta kigoda, akakaa, akalitingisha dadu la mfupa kiganjani.

"Naanza mimi," alisema, akarusha.